Punda Aliyesingiziwa Vidole vya Lazaro

Ukipita Ihanja msimu wa alizeti, utamsikia Lazaro kabla hujamwona. Sauti yake hushindana na mashine ya kukamua mafuta, na mara nyingi mashine ndiyo inayoshindwa. Mimi nashona magunia ya mashudu kwenye kiwanda hicho hicho cha Calist, kwa hiyo nimekaa karibu na mdomo wa Lazaro miaka mingi, na masikio yangu yanajua yalichopitia. Alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote: kwamba mashine ile inamwogopa. Yasinta, mke wake, alikuwa akisema afadhali kuna kitu kimoja duniani kinachomwogopa, maana nyumbani hata kuku hawasogei akiwafukuza.

Niwaeleze kidogo kuhusu mashine yenyewe. Mbegu zinaingia juu, skrubu kubwa ndani inazisukuma na kuzibana, mafuta yanachuruzika chini na mashudu yanatokea mbele kwenye tundu. Mara kwa mara mashudu yanakwama pale tunduni, mashine inaanza kunguruma kwa hasira. Inavyotakiwa ni kuizima. Lakini ukiizima ikiwa imeshiba, mashudu yanagandia ndani, na kuiwasha tena ni mpaka ifunguliwe na kusafishwa, na hiyo ni nusu siku imekwenda. Kwa hiyo wenzake Lazaro walikuwa wakichokoa kwa kijiti huku inazunguka. Lazaro yeye hakutaka kijiti. Alichomeka vidole, akakwangua, akavitoa, kisha akatutazama ili ahakikishe tumemwona.

Sasa ikatokea Jumapili moja katikati ya msimu. Mnunuzi alikuwa amefika kutoka Mkiwa, anasubiri mafuta, na Calist akaamua kufungua kiwanda kimyakimya wakati sisi wengine tuko kanisani. Akamwita Lazaro peke yake. Lazaro ni mwimbaji wa besi kwenye kwaya yetu, hivyo alimwambia mkewe kwamba anakwenda kuangalia shamba kwanza, atatukuta kwenye ibada. Besi siku hiyo ilipwaya kabisa. Frank, mwalimu wa kwaya, alikuwa akigeuka kila dakika kuangalia mlangoni.

Tulipotoka kanisani tukakuta habari imeshafika: Lazaro ameng'atwa na punda. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na cha mwisho, havipo. Calist alimkuta njiani akivuja damu, akampakia kwenye pikapu yake na kumpeleka zahanati. Na punda si mwingine, ni Diwani wa Mzee Hosea.

Hakuna aliyeshangaa. Mzee Hosea alimpa punda wake jina la Diwani kwa sababu hasogei mpaka watu wengi wampigie kelele, na akisogea anaelekea anakotaka yeye. Punda yule aliwahi kutafuna kofia ya Frank, na mara moja alikaa katikati ya barabara kuu mpaka basi likasimama. Kijiji kizima kilikuwa kinasubiri tu afanye jambo kubwa zaidi. Lazaro alivyolala pale na bandeji yake, akasimulia jinsi Diwani alivyomjia kwa nyuma, masikio yamelala, meno nje. Kila mgeni aliyefika kumpa pole aliondoka na kipande kipya cha hadithi. Mpaka Jumatano punda alikuwa ameshamkimbiza kuvuka shamba zima la uwele.

Kwetu mnyama akimjeruhi mtu, mwenye mnyama anaitwa mbele ya wazee na kutoa mbuzi wa pole. Mzee Hosea aliitwa. Ni mtu mkavu, mjane, hapendi watu na anapenda punda, na kazi yake ni kuwachotea wenzake maji kwa ujira. Wazee walimsomea kesi, wakamuuliza ana la kusema. Alimtazama Lazaro kwa muda mrefu, akautazama mkono uliofungwa, akasema mbuzi ataletwa kesho. Tukajua amekubali kosa. Mbuzi alichinjwa, wagonjwa na wazima tukanywa mchuzi, na Calist mwenyewe alikuja akachagua mbavu. Diwani akafungwa nyuma ya nyumba. Hakuna tena aliyetaka maji yaliyobebwa na mla watu, kwa hiyo mzee akaanza kusukuma madumu kwenye baiskeli isiyo na mnyororo, kwa wateja wachache waliokuwa na huruma.

Hapo mambo yangeisha, kama mkono wa Lazaro ungekubali kupona. Haukukubali. Ulivimba, ukawa unatoa maji, na vile vidole vitatu vilivyobaki vikaanza kujikunja kuelekea kiganjani. Usiku tulimsikia akiugulia, na asubuhi alitoka nje akicheka ili tusiseme. Yasinta alimburuta mpaka hospitali ya mjini Singida. Daktari aliutazama mkono na kusema bila kuzunguka kwamba unahitaji upasuaji kwenye hospitali kubwa, na mapema, la sivyo watakuja kuukata wote kwenye kifundo. Gharama aliyotaja haikuwa ya kuuza kuku, wala ng'ombe wao mmoja.

Muuguzi aliyekuwa akiandika maelezo ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna mtu Ihanja aliyekuwa amewahi kuliuliza: je, ameumia akiwa kazini? Lazaro akasema hapana, ni punda. Muuguzi akasikitika kwa dhati. Akawaambia ingekuwa ameumia kazini, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ungebeba matibabu yote mpaka mwisho, na ungemlipa sehemu ya mshahara wake wakati yuko nyumbani hawezi kufanya kazi. Lakini punda wa jirani, akasema, si mwajiri.

Yasinta alinisimulia kwamba hapo uso wa mume wake ulibadilika kama wa mtu aliyemeza kokwa. Yasinta ni mwanamke wa kusubiri. Alisubiri mpaka wamefika nyumbani, amempikia, amemlisha, amemwekea mto chini ya mkono, ndipo akaleta shati lake la ile Jumapili. Alikuwa amelifua mpaka mche wa sabuni ukaisha, na bado lilinukia alizeti, mikono yote imebaki na madoa ya mafuta hadi kwenye viwiko.

"Baba Joshua," akasema, "nataka kuuliza tu. Huyo Diwani siku hizi anakamua mafuta?"

Lazaro akakaa kimya, jambo ambalo peke yake lilikuwa ushahidi. Kisha akamwambia yote. Mashudu yalikwama, mnunuzi yuko mlangoni anaangalia saa, na Lazaro akachomeka vidole kama siku zote. Mashine ikavuta. Kwenye pikapu, njiani kwenda zahanati, yeye na Calist wakatunga punda kwa pamoja. Calist aliogopa wakaguzi watafunga kiwanda msimu ukiwa umechanganya. Lazaro aliogopa sisi. Alijua akirudi bila vidole, na hadithi yake ya mashine inayomwogopa, atachekwa mpaka aingie kaburini. Tena Jumapili, wakati wenzake wanaimba. Na hata sasa, alisema, kusema ukweli hakusaidii kitu, maana kosa ni lake mwenyewe. Nani atamlipa mtu aliyepeleka mkono kwa hiari yake kwenye mashine inayozunguka?

Yasinta akamwambia hilo atakwenda kuliuliza yeye. Kesho yake akavaa gauni la kanisani, akalifunga lile shati kwenye mfuko wa plastiki na kwenda mjini, ofisi ya kazi, ambako walimwelekeza kwa watu wa Mfuko. Nasikia alilitoa shati mezani na kumwambia ofisa alinuse. Ofisa akalinusa.

Ndivyo alivyofika Ihanja dada mmoja kutoka Mfuko, Rahel, mwenye miwani na viatu vya kutembelea vumbini. Alikuja kuhakiki. Aliomba kuonana na Lazaro, na Calist, na yeyote anayejua habari za tukio, palepale kiwandani. Hilo la mwisho lilikuwa kosa lake, kwa sababu Ihanja kila mtu anajua habari za tukio. Uwanja wa kiwanda ulijaa. Hata waliokuwa na kesi ya mpaka wa shamba walikuja pamoja.

Lazaro alikuwa amemwahidi mkewe kwamba atasema. Lakini alipouona ule umati, na Frank amekaa mbele, na vijana wa kupakia magunia wamepanda juu ya marobota, ulimi wake ulikauka. Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mkono umefungwa kwenye kanga, akitazama chini. Rahel alipomuuliza akajibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake kwamba aanze kwanza na wengine.

Basi wengine tukaanza. Agripina wa gengeni aliapa kwamba alisikia punda akifurahi. Mzee mmoja alieleza kwamba punda wa rangi ile ndivyo walivyo, hata babu yake alimkataza kuwafuga. Frank akasimama kuonyesha jinsi Diwani alivyong'ata, akatumia meno yake mwenyewe na mkono wa kijana wa jirani, mpaka kijana akalalamika. Tulikuwa mashahidi wazuri, tena wenye kukubaliana. Kasoro yetu ilikuwa moja tu, kwamba hakuna aliyekuwepo. Rahel aliandika, akaandika. Calist alikuwa amesimama pembeni ya mlango wa stoo, anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza mahubiri yaliyomgusa.

Mimi nilimtazama Yasinta. Kusema alikuwa amemwachia mume wake. Alikuwa ameukodolea macho ule mkono wa mumewe, na nikaona anaogopa, na mimi pia nikaanza kuogopa. Sikuwa naujua ukweli bado, lakini niliona kuna kitu kinateleza kutoka mikononi mwao na sisi ndio tunaokisukuma. Rahel akafunga kalamu. Akasema anashukuru, inaelekea jambo hili si la kazini, na Mfuko hautaweza kusaidia. Akaanza kukusanya vitu vyake.

"Punda hakuniuma," Lazaro akasema. "Ni mashine."

Watu wakacheka. Agripina akamwambia asiogope, aseme ukweli tu, kwamba ni punda. Mwingine akasema ni homa, mleteeni maji. Frank akamshika bega kwa upole na kumkumbusha kwamba sote tunajua alivyoteseka shambani kwenye uwele. Hapo Lazaro akalipuka. Nimemsikia akipiga kelele maisha yangu yote, lakini siku hiyo ilikuwa tofauti, sauti ilikuwa inapasuka katikati. Alisimama, akaenda mpaka kwenye mashine, ambayo kwa bahati ilikuwa imezimwa, akapeleka mkono wa kulia pale tunduni kutuonyesha.

Akasema ilikuwa Jumapili. Akasema hakuizima. Akasema hakutumia kijiti kwa sababu alikuwa amejisifu miaka yote hiyo, na mtu akishajisifu mno hawezi tena kushika kijiti. Akasema amemdanganya mke wake, amewadanganya wazee, amekula mbuzi asiye wake. Kisha akamgeukia Rahel na kusema kosa ni lake peke yake, na kama hakuna msaada kwa mtu mjinga basi amwambie sasa hivi, aende nyumbani.

Rahel alikuwa ameshakaa tena. "Kaka Lazaro," akasema, "sikuja kutafuta nani mjinga. Nimekuja kujua umeumia wapi na ulikuwa unafanya nini. Ulikuwa unamfanyia nani kazi hiyo Jumapili?"

Macho ya uwanja mzima yalikuwa yameshahamia kwenye mlango wa stoo. Calist alitazama viatu vyake. Calist si mtu mbaya, ni mwoga tu, na mwoga mwenye pikapu hufika mbali. Akakiri mwishowe kwamba alikuwepo, ndiye aliyemtoa Lazaro mkono kwenye mashine. Akasema alidhani akitoa taarifa kiwanda kitafungwa, na yeye atatakiwa alipe mkono wa mtu mpaka auze nyumba. Rahel akapekua karatasi zake akamuuliza kama ni kweli kiwanda chake kimesajiliwa kwenye Mfuko, na kwamba anachangia kila mwezi kwa ajili ya wafanyakazi wake. Calist akasema ndiyo, ni kweli.

"Sasa ulidhani unachangia nini?"

"Nilidhani ni kodi," akasema Calist.

Kicheko kilichotoka pale kiliamsha mbwa wa barabarani. Hata Rahel alishindwa kujizuia. Kisha akatueleza sote, maana tulikuwa tumeketi kama darasa. Mchango ule analipa mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi. Mtu akiumia au akiugua kwa sababu ya kazi, Mfuko unamtibu na kumlipa, na hauanzi kwa kuuliza kama alikuwa mzembe, kwa sababu wenye mikono kamili nao ni wazembe, wana bahati tu. Kinachotakiwa ni taarifa kutolewa mapema, na mwajiri asipoitoa, mgonjwa mwenyewe au mke wake anaweza kuitoa, kama Yasinta alivyofanya. Kuhusu Calist kuficha, alisema watazungumza ofisini, na alisema hivyo bila kucheka.

Lazaro alipasuliwa kwenye hospitali kubwa, akakaa huko mpaka tukaanza kuukumbuka mdomo wake. Mkono haukukatwa. Alirudi na vidole vitatu vilivyonyooka, na mazoezi ya kuvifinya kila siku kwenye mpira wa tenisi, ambao watoto walimwibia mara kadhaa. Sehemu ya mshahara ilikuwa ikija, Yasinta akiipokea kwa heshima zote, na kwa vile viwili vilivyokwenda vilevile alipimwa akalipwa stahili yake. Calist alifunga chuma cha kukinga pale tunduni. Sasa mashudu yakikwama mashine inazimwa, tunapoteza nusu siku, na mnunuzi akilalamika tunamwonyesha Lazaro.

Tulimcheka, bila shaka. Tulimcheka wiki nzima, kisha tukachoka, kwa sababu alikuwa anacheka na yeye na hilo linaharibu utamu. Ila kulikuwa na nyumba moja ambayo alikuwa anaizunguka kwa mbali, akipita njia ya nyuma ya shule ili asionekane. Yasinta ndiye aliyenunua mbuzi, akampa kamba mkononi, akamwambia aende. Mimi nilimfuata na bakuli la maharage. Hakuna aliyeniomba maharage, lakini nisingekubali kusimuliwa jambo hilo na mtu mwingine.

Mzee Hosea alikuwa anamsugua Diwani kwa brashi. Lazaro akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa sauti kavu kabisa, mzee hakugeuka. Lazaro akasema amemrudishia mbuzi wake. Akasema ameshakwenda kwa wazee kusafisha jina la punda, na Frank atatangaza kanisani. Akaomba msamaha, vizuri, bila kuongeza chumvi popote, nikamwona kwa mara ya kwanza akimaliza sentensi akiwa bado na pumzi.

Mzee akamchunguza yule mbuzi, akasema ni mnono kuliko wake. Halafu akasema, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba ile Jumapili Diwani hakuwepo Ihanja kabisa. Mzee alikuwa amemwazimisha mkwe wake punda huyo tangu Ijumaa, akabebe mahindi kule ng'ambo ya korongo. Punda alirudi Jumatatu.

Nilishika bakuli kwa mikono miwili. Lazaro akauliza kwa nini basi hakusema mbele ya wazee. Kwa nini alitoa mbuzi, akakubali kuchekwa, akasukuma madumu kwa baiskeli msimu mzima kwa kosa ambalo alijua halipo.

"Ulikuwa unalia, Lazaro," mzee akasema. "Wenzako walikuwa wanatazama bandeji, mimi nilikuwa nakutazama machoni. Nikaona huyu mtoto ana jambo linalomuuma kuliko vidole, nikimbishia nitamwongezea. Nikasema acha iwe punda. Punda hana aibu."

Lazaro akajifuta uso kwa bega. Mimi sikujifanya, nililia palepale na maharage yangu, na sioni haya kulisema. Mzee Hosea akakereka na machozi yetu, akasema kama tumekuja kulia twende nyumbani, yeye ana wateja wanasubiri maji. Akaanza kumfungia Diwani madumu.

Lazaro akamwondoa mzee pale kwa upole. Akashika kamba mwenyewe, akaipitisha chini ya tumbo la punda kwa mkono wa kulia, akaivuta kwa wa kushoto. Vidole vitatu havikuweza kuibana, kamba ikateleza, akaanza upya. Nilitaka kusogea nimsaidie, mzee akanizuia kwa macho. Ilichukua muda. Fundo liliposhika, Diwani alisimama pale pale bila kusogea, na sisi watatu tukaanza kumpigia kelele.